Mzinga Uangaliao Kila Upande

Mizinga ya vyombo vya vita ni ya namna mbili. Mmoja umekazwa mahali pake, nao hupiga upande ule tu unaoelekea. Wa pili huzunguka, nao waweza kupiga mbele, nyuma na ubavuni bila chombo chenyewe kugeuka. Tofauti hii imeingia katika michezo ya mezani ya vyombo vya angani, na humo imezusha ugomvi: je, mzinga wa kuzunguka humrahisishia mchezaji kupita kiasi? Ugomvi huo ulikuwa mkali katika mchezo uitwao X-Wing, uliotolewa Marekani mwaka 2012. Yafaa tuupime kwa mambo ambayo watu wa Ufipa wanayo karibu.

Katika mchezo huo kila mtu huchagua kwa siri mwendo wa vyombo vyake. Kisha vyombo huhamishwa, na ndipo dadu hutupwa. Chombo cha kawaida hupiga kile tu kilichomo ndani ya pembe ya mbele yake. Kwa hiyo ustadi u katika kukisia adui atasimama wapi. Lakini chombo kama Millennium Falcon kiliruhusiwa kupiga pande zote kwa nguvu ile ile. Wengi walilalamika kwamba mwenye nacho alishinda mno. Kwa maoni yangu, huo haukuwa ubaya mkubwa. Ubaya ni kwamba aliutangua ustadi wa mwenzake pia: aliyefanya hila ya kumzunguka na kumjia nyuma hakupata kitu, maana nyuma haikuwapo.

Watetezi husema kwamba mizinga ya kweli huzunguka, na mchezo hauna budi kuiga kweli. Hoja hii yajibiwa na Ziwa Tanganyika. Mtu akishuka kutoka Sumbawanga kwa njia ya Matai hufika Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Katika ziwa hilo hilo, mbali kaskazini karibu na pwani ya Kongo, meli ndogo ya Wajerumani iitwayo Kingani ilikutana na mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, tarehe 26 Desemba 1915. Mzinga wa Kingani ulikuwa omoni, wala haukuweza kupiga nyuma. Mashua zikaijia kwa nyuma. Kingani ikajaribu kugeuka ili mzinga wake upate kumwona adui, lakini mashua zilikuwa nyepesi kuliko yeye. Kwa muda wa dakika 11 hivi nahodha alikuwa amekufa na meli imetekwa. Mashua nazo zilikuwa na udhaifu wao: mzinga ulipigwa kuelekea mbele tu, kwa kuwa teke lake lingeweza kuharibu chombo. Basi habari yote ya vita ile ni habari ya kugeuka. Kama Kingani angalipewa mzinga wa kuzunguka, ingalibaki hesabu ya risasi tu. (Ngome ya Kasanga yenyewe, mwaka 1916, ilimtisha kamanda wa Waingereza kwa mizinga iliyogunduliwa baadaye kuwa ya mbao, lakini hilo ni somo jingine.)

Bao letu lalijua jambo hili tangu zamani. Mchezaji akila katika kichwa au kimbi hana hiari: sharti aanze kuzigawa kete katika kichwa cha upande huo. Akila katikati, mara ya kwanza aweza kuchagua. Lakini akisha kushika upande, haendi kinyume kwa kupenda tu, mpaka kula kwingine kwa kichwa au kimbi kumgeuze. Mtu akiondoa sharti hilo, mashimo 32 na kete 64 zitabaki, lakini Bao halitakuwapo.

Waliotunga X-Wing walipata kuona kasoro yao. Kwanza walitoa kadi iliyompa nafuu mtu aliyepigwa kutoka nje ya pembe ya mbele ya adui, dawa ya kupoza tu. Kisha katika toleo la pili, la mwaka 2018, mzinga wa kuzunguka ulipewa alama ya kuonyesha unakoelekea, na kuugeuza kukagharimu tendo moja, hata mchezaji akaacha pengine kulenga vema au kujihami. Falcon ilibakiwa na pembe mbili zinazoelekeana, mbele na nyuma au kulia na kushoto. Wako wanaonung'unika kwamba hata hivyo ni rahisi. Sikubaliani nao: chombo chenye ubavu ulio wazi kina mahali pa kuvamiwa, na hilo latosha.

Hoja moja ya watetezi ina nguvu, nayo ni ya mwanafunzi. Asiyejua kukisia hufurahi kupiga kitu, na asipofurahi haji tena. Lakini tazama drafti, ichezwayo kwa vizibo vya soda: kingi huenda mbele na nyuma, lakini kete haizaliwi kingi, sharti ivuke ubao mzima mbele ya macho ya adui. Mwaka 2024 watoaji wa X-Wing walitangaza kwamba hawatatoa tena vitu vipya, basi kanuni sasa zi mikononi mwa wachezaji. Wakitaka kumwachia mwanafunzi mzinga wa pande zote, na wamwachie kwa michezo yake ya kwanza mitatu au minne, kisha wamwekee ile alama.