Kwaya inapofika msibani

Gwarama, ambayo zamani ilihesabiwa Kibondo na sasa iko wilaya ya Kakonko, mtu akifiwa kwaya hufika kabla ya jamvi kutandikwa. Watu husifu nyimbo. Mimi nasifu mikono kwanza: wanakwaya wa kike huteka maji na kusonga ugali, wa kiume huchanja kuni na kushika majembe ya kaburi. Kuimba huja baadaye, usiku, baridi ya vilima ikiwa imeshuka.

Na wimbo wenyewe una gharama. Mwalimu wa kwaya halipwi. Ametoka kupalilia maharage, matope hayajakauka miguuni, naye anarudia mstari mmoja wa besi mara kumi kwa sababu kuna mtu (hakosekani) anayeng'ang'ania kuimba sauti ya kwanza. Daftari ni moja, limeloa pembeni.

Sauti nyingine zilitoka mbali, kwa kuwa nyanda hizi zimepokea wakimbizi wengi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo. 2015 wakaja Warundi. Kambi ya Mtendeli ilipofungwa 2021, waliokuwamo wakahamishiwa kambi ya Nduta. Aliyeacha shamba na nyumba hakuweza kubeba kinanda, ila sauti ya tatu alikuja nayo kichwani.

Furaha ya wanakwaya wanapoimba si kucheka msiba. Nimeona anayeongoza pambio akifuta machozi kwa kitenge, asipoteze pigo.

Alfajiri hurudisha masufuria kwa wenyewe, yameoshwa, kisha huenda shambani bila kulala.