Mnyemelezi wa Kutegemewa

Anayeketi kwa mara ya kwanza kwenye meza ya mchezo wa kuigiza wa Dungeons & Dragons akitaka kucheza mnyemelezi huwa ameshajichorea picha kichwani: mtu aliyejifunika joho jeusi, jambia kiunoni, hana ndugu wala rafiki, anaingia usiku na kutoka kabla ya alfajiri pasipo jicho kumwona. Picha hiyo inavutia, na sioni ubaya wa kuvutiwa nayo. Lakini ukiifuata hadi mwisho utaishia na mhusika mbovu, hata uwe hodari kiasi gani wa kuigiza, kwa sababu kanuni zenyewe za mchezo zinaikataa. Mnyemelezi hupimwa kwa kile anachowarudishia wenzake: habari za chumba kilicho mbele, kitasa kilichofunguliwa bila kelele, adui aliyechomwa ubavuni wakati macho yake yako kwa mwingine. Anayejificha vizuri halafu hana wa kumpelekea habari ni nusu ya mhusika.

Asili yake inathibitisha hilo. Mchezo ulipotoka mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson waliwapa wachezaji aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi, babu wa mnyemelezi wa leo, aliingia mwaka 1975 kupitia kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk, naye aliingia akiwa dhaifu. Katika ngazi ya kwanza alikuwa na asilimia 20 ya kutembea bila kusikika na asilimia 10 ya kujificha kivulini. Akihitaji yote mawili kwa pamoja, alifaulu mara 2 katika 100. Kiumbe wa namna hiyo hakufaa kutumwa peke yake kokote. Rudi nyuma zaidi, kwenye hadithi zilizouzaa mchezo wenyewe, utakuta mambo ni yale yale. Gray Mouser wa mwandishi Fritz Leiber hutembea na Fafhrd, jitu la kaskazini. Bilbo Baggins, katika The Hobbit ya mwaka 1937, anaajiriwa na vibeti 13 awe mwizi wao. Ni kweli anashuka peke yake kwenye pango la joka, lakini ushindi hauji kwa kujificha kwake. Unakuja kwa sababu aliona doa tupu kifuani mwa joka akarudi kulisimulia, na habari hiyo ikamfikia mpiga upinde aliyejua la kufanya nayo.

Kanuni za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, zimeiweka hoja hii wazi kabisa. Silaha kuu ya mnyemelezi ni shambulio la kuvizia: dadu moja ya pande 6 ya ziada katika ngazi ya 1, zinazoongezeka hadi kufika 10 katika ngazi ya 19. Shambulio hilo lina njia mbili. Ya kwanza ni kumpiga adui ukiwa na nafasi ya upendeleo, yaani unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Ya pili ni kwamba mwenzako awe amesimama ndani ya futi 5 za adui huyo. Wako watakaosema njia ya kwanza inatosha, maana kuanzia ngazi ya 2 mnyemelezi anaweza kujificha tena katika kila zamu na kushambulia kutoka gizani. Inawezekana, pale penye nguzo, mapipa au kichaka. Kwenye ukumbi mtupu wenye mienge hakuna pa kujibanza, na hata pakiwepo, kujificha kunadai dadu nyingine inayoweza kukuangusha. Mwenzako aliyesimama karibu na adui hadai dadu yoyote.

Tazama hesabu hii kwa karibu. Mnyemelezi wa ngazi ya 1 mwenye wepesi wa 16 anapata nyongeza ya 3, na umahiri wake katika kunyata unampa 4, hivyo anaongeza 7 juu ya dadu ya pande 20. Goblini aliye lindoni ana umakini wa 9. Dadu ikionyesha 2 au zaidi, umempita. Hiyo ni asilimia 95, na hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Sasa mweke mbwa mwitu mlangoni. Umakini wake ni 13, na kwa kuwa anategemea masikio na pua, kanuni zinamwongezea 5, inakuwa 18. Dadu lazima ionyeshe 11 au zaidi: nusu kwa nusu. Akibweka, mhusika wako mwenye siha ya 14 ana pointi 10 tu za uhai, na mishale miwili ya goblini, kila mmoja ukikata 5 kwa wastani wa kitabu, inamlaza sakafuni. Ndiyo maana nashikilia kuwa mnyemelezi asitangulie zaidi ya futi 60, umbali ambao mwenzake wa kawaida anaufikia kwa zamu moja ya kukimbia.

Basi uchaguzi wa mhusika ufuate hesabu hiyo. Umahiri wa kwanza uende kwenye kunyata, hilo halina mjadala. Wa pili wengi huutupa kwenye udanganyifu, ilhali mahali pake ni umakini, kwani anayetangulia bila kuona amekwenda bure. Kwa kabila, elfi ana macho ya gizani na hupendwa kwa hilo, lakini ningemtanguliza halflingi mwepesi, anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake aliyemzidi umbo. Pale mpiganaji anaposimama ndipo maficho yake yalipo, popote vita vinapohamia.

Pingamizi zito zaidi ni la muuaji wa siri, mojawapo ya matawi ya mnyemelezi, anayechaguliwa katika ngazi ya 3 na ambaye kila pigo lake kwa adui aliyeshtukizwa huhesabiwa kuwa pigo la juu kabisa. Nguvu hiyo ni ya kweli. Ila humtoka mara adui anapozinduka, na kundi lenye mtu aliyevaa deraya ya minyororo mara chache hushtukiza mtu. Yule wa tawi liitwalo mwizi, kinyume chake, ana mikono ya haraka ya kufungua kufuli au kutegua mtego vita vikiendelea, na faida hiyo haimalizwi na zamu ya kwanza. Kuhusu mchezaji anayewaibia wenzake mifukoni kwa kisingizio kuwa ndivyo mhusika wake alivyo, jibu ni fupi: siku atakapohitaji mtu asimame futi 5 kutoka kwa adui, hatampata.

Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano zinapatikana bure chini ya leseni ya Creative Commons. Katika matawi ya mnyemelezi zimo za mwizi tu. Za muuaji hazimo. Anza na mwizi.