Ulimi wa Kenneth Haigh na Ukimya wa Richard Burton Ujiji: Uhakiki wa Uigizaji katika The Search for the Nile

Jina la Ujiji katika sanaa za maonyesho za Kiingereza limefungamana zaidi na David Livingstone na Henry Morton Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871. Filamu ya Marekani ya mwaka 1939, Stanley and Livingstone, ambamo Mwingereza Cedric Hardwicke aliigiza nafasi ya Livingstone, ilikaza fundo hilo. Sehemu hii inamhakiki mgeni aliyewatangulia wote wawili, Richard Burton, kama alivyoigizwa na Kenneth Haigh katika The Search for the Nile, tamthilia ya kihistoria ya sehemu sita iliyorushwa na BBC mwaka 1971, karne moja baada ya mkutano huo. Hoja inayojengwa ni kwamba uteuzi wa Haigh hausomeki vizuri bila kuzingatia ulimi wake, ilhali kisa cha Burton katika Ziwa Tanganyika ni kisa cha mtu ambaye ulimi ulimkatalia kazi.

Haigh alizaliwa mwaka 1931 Mexborough, mji wa wachimba makaa ya mawe katika eneo la Yorkshire, akasomea uigizaji London. Tarehe 8 Mei 1956, katika ukumbi wa Royal Court, alikuwa mwigizaji wa kwanza wa Jimmy Porter katika Look Back in Anger, tamthilia ya John Osborne iliyoongozwa na Tony Richardson. Jimmy ni kijana msomi anayeuza peremende sokoni, anaishi katika chumba cha darini, na kutwa humrushia maneno mkewe, rafiki yake, wakwe zake na tabaka zima lililomfungia mlango. Matendo katika tamthilia hiyo ni machache. Kinachoibeba ni pumzi ya mwigizaji mmoja. Msomaji aliyelelewa na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) ataona tofauti mara moja. Neno la Kinjeketile linamponyoka mwenyewe na kwenda kuzaa vita. Maneno ya Jimmy hayatoki nje ya chumba. Anayemwigiza hana budi kuufanya usemi wenyewe kuwa tendo, na Haigh aliuweza mtihani huo, London na kisha New York.

Filamu ilipotengenezwa mwaka 1959, nafasi ya Jimmy haikupewa Haigh. Ilipewa mwigizaji kutoka Wales aitwaye Richard Burton, jina lilelile la msafiri ambaye Haigh angekuja kumwigiza. Sadfa hii haithibitishi lolote, lakini ni vigumu kuipita bila kutabasamu. Haigh aliigiza Caligula ya Albert Camus huko New York mwaka 1960, na Brutus katika filamu ya Cleopatra mwaka 1963, mwaka uleule ambao Mwalimu Nyerere alimpa Brutus wa Shakespeare lugha ya Kiswahili. Kuanzia mwaka 1970 alionekana katika mfululizo wa televisheni Man at the Top akiwa Joe Lampton, mtu wa tabaka la chini aliyepanda ngazi ya mali bila kupata amani. Kwa hiyo mtazamaji wa Uingereza wa mwaka 1971 alipomwona Burton, alikuwa anamwona pia Lampton, na nyuma ya Lampton, Jimmy.

Uteuzi huo una mantiki. Burton alifukuzwa Oxford, akajiunga na jeshi la Kampuni ya India, akajifunza lugha nyingi, akaingia Maka mwaka 1853 kwa kujifanya Mwislamu wa asili. Alikuwa Mwingereza asiyekubalika sawasawa na Waingereza. Michael Hastings, mmoja wa waandishi wa muswada pamoja na Derek Marlowe, alichipuka katika jukwaa lilelile la London la miaka ya 1950. Jimmy Porter aliyevikwa joho la msafiri ni tafsiri halali ya Burton, tena yenye nguvu: inamwondolea utukufu wa sanamu na kumrudishia uchungu wake.

Hata hivyo, tafsiri hiyo inakwama ziwani. Burton na mwenzake John Hanning Speke walifika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858. Burton alikuwa amepooza miguu na sehemu ya safari alibebwa kwa machela; Speke alikuwa haoni vizuri kwa ugonjwa wa macho. Burton alipouliza ule mstari wa mwanga bondeni ni nini, aliyemwambia kwamba ni maji alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi na lugha ya Kihindustani ambayo ndiyo aliyozungumza na Speke. Ili kufika kaskazini mwa ziwa, wageni hao walitegemea mitumbwi na wapiga kasia wa Kannena, jumbe wa Kawele hapo Ujiji, ambaye bei yake ilimkera Burton kurasa nyingi. Walipofika Uvira mwezi Aprili, swali lililowaleta lilikuwa moja: je, mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Wana wa mtemi Maruta walisema unaingia. Bombay naye alieleza kwamba Speke hakumwelewa alipodhani ameambiwa kinyume. Wakati huo ulimi wa Burton ulikuwa na vidonda kiasi cha kushindwa kutamka.

Hapa ndipo penye uzito wa kisa kizima. Mjuzi wa lugha amelala bubu, na jibu la kijiografia linatolewa na watu ambao jukwaa la London halikuwa na nafasi yao. Mwigizaji aliyejengwa juu ya usemi anahitaji, katika tukio kama hili, kuwaachia wenzake uwanja: Bombay, Kannena, vijana wa Uvira. Muundo wa The Search for the Nile hauchochei hali hiyo. Masimulizi yake yamepangwa kwa kuwafuata wavumbuzi wa Kizungu mmoja baada ya mwingine, na una msimulizi, sauti ya James Mason. Penye msimulizi, kila ukimya una wa kuujaza. Ukimya wa Burton, ambao kihistoria ulijazwa na Kiswahili na Kihindustani, unabaki mikononi mwa Kiingereza cha mtu asiyeonekana.

Inaweza kujibiwa kwamba chanzo chenyewe ni kitabu cha Burton cha mwaka 1860, na humo msemaji ni Burton. Jibu hilo halitoshi. Hata katika kitabu hicho, pamoja na dharau yake, Bombay anasema, Kannena anadai, na wana wa Maruta wanashuhudia. Kilichopotea kati ya kitabu na televisheni ni mgawanyo wa usemi, na uteuzi wa mwigizaji ni mojawapo ya njia za kuupoteza. Haigh mwenyewe halaumiki. Alikifanya alichoitiwa kukifanya.

Mwaka 2003 alikwamwa na mfupa akila mkahawani London, ubongo ukakosa hewa, akaishi chini ya uangalizi hadi kifo chake Februari 2018. Alikumbukwa kwanza kama Jimmy Porter. Ujiji haikuwa na namna ya kumkumbuka kama Burton: televisheni haikuanza Tanzania Bara hadi mwaka 1994, miaka 23 baada ya tamthilia hiyo kurushwa, na vitukuu vya wapiga kasia wa Kawele hawakuwa miongoni mwa watazamaji waliokusudiwa.