Sauti ya kuazima: jinsi Judson alivyojiandaa kurudi Burma

Jioni ya tarehe 17 Oktoba 1845, katika kanisa la Wabaptisti la Bowdoin Square mjini Boston, mzee wa miaka 57 alisimama mbele ya umati akanong'ona. Kando yake alisimama mchungaji William Hague, akitega sikio, kisha akiirudia kila sentensi kwa sauti kubwa ili waliokaa nyuma nao wasikie. Mgeni wa siku hiyo alikuwa na mkalimani, na mkalimani huyo alikuwa akitoa maneno kwenye Kiingereza na kuyaingiza kwenye Kiingereza kilekile.

Mzee huyo ni Adoniram Judson. Aliondoka bandari ya Salem Februari 1812 akiwa kijana, na ilimchukua miaka 33 kuiona tena Marekani. Mengi yameandikwa kuhusu pingu alizovaa katika gereza la mfalme wa Burma, na kuhusu Biblia ya Kiburma aliyoimaliza kuitafsiri mwaka 1834. Mimi nimevutwa zaidi na miezi tisa ambayo waandishi wengi huipita mbiombio: kuanzia Oktoba 1845 hadi Julai 1846, mmisionari alipokuwa kwao akijiandaa kurudi kazini. Waliokulia jirani na misheni wanaijua sura ya nje ya jambo hili. Mmisionari anaaga kanisani, nyumba inafungwa, watu wanaambiwa amekwenda likizo. Baada ya mwaka anarudi na masanduku mapya, na watoto wakubwa hawamo. Alichokuwa akikifanya huko katikati hakielezwi.

Ninavyoisoma safari ya Judson, ilishikiliwa na msumari mmoja: kamusi ya Kiburma ambayo haijakwisha. Ukiushika huo, hata maamuzi yake ya ajabu yanaeleweka.

Hakutaka kuondoka. Mke wake wa pili, Sarah, aliugua vibaya baada ya kumzaa Edward mwishoni mwa 1844, na waganga wakaona safari ya bahari pekee ndiyo ingemwokoa. Tarehe 26 Aprili 1845 walipanda merikebu Moulmein, Burma, pamoja na watoto watatu wakubwa. Watatu wadogo waliachwa kwa wamisionari wenzao: Henry, Charles aliyekuwa bado hajatimiza mwaka na nusu, na Edward wa miezi minne. Lakini tazama nani mwingine aliyepanda: wasaidizi wawili wa Kiburma, ili kazi ya kamusi iendelee baharini. Kabla ya hapo alikwishaiandikia bodi masharti yake. Asitegemewe kuhutubia mikutano kwa Kiingereza. Ili awe mhubiri mzuri wa Kiburma alikuwa ameiacha lugha ya mama kwa makusudi. Mtu aliyebeba mke mgonjwa na watoto watatu alikuwa pia amebeba ofisi yake.

Walipofika Mauritius, Sarah alionekana kupata nafuu. Wakakubaliana kuachana hapo: mke aendelee na watoto, mume arudi Moulmein kwenye kamusi. Wasaidizi wakatangulia kurudi. Kisha ugonjwa ukageuka, Judson akalazimika kuendelea na mkewe, sasa bila wasaidizi. Tarehe 1 Septemba, merikebu ikiwa bandarini St. Helena, Sarah akafariki. Walimzika kisiwani siku hiyohiyo, na jioni nahodha akang'oa nanga. Kiswahili kinalo neno moja kwa mambo mawili yaliyotokea siku ile: matanga ya merikebu yalitwekwa, na matanga ya msiba hayakupata pa kuwekwa. (Mwaka mmoja kabla, katika pwani yetu, Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosine huko Mombasa, kisha akaendelea na kamusi yake ya Kiswahili. Watu hawa wa kamusi walikuwa na ugumu wa namna yao.) Charles mdogo naye alikuwa amekwishafariki Moulmein mwezi Agosti, na baba hakujua.

Basi aliyeshuka Boston tarehe 15 Oktoba alikuwa mjane mwenye watoto watatu, koo bovu, na lugha ya utotoni iliyoota kutu.

Hapa inafaa kueleza mtambo wa fedha ulivyofanya kazi, kwa sababu Judson mwenyewe ndiye aliyesababisha ujengwe. Mwaka 1812 alitumwa na bodi ya makanisa yanayobatiza watoto wachanga. Njiani aliyasoma upya maandiko, na alipofika Calcutta akabatizwa kwa kuzamishwa. Kwa hatua hiyo akawa amejifutia mshahara. Mwenzake Luther Rice aliyebadilika naye alirudi Marekani mwaka 1813 kuwatafuta Wabaptisti ambao hata hawakujua kwamba sasa wana mmisionari Asia. Rice alizunguka kwa farasi na gari la kukokotwa, akaunda vyama vidogo vya misheni, vingi vya wanawake wanaotoa senti kwa senti, na Mei 1814 vyama hivyo vikakutana Philadelphia na kuunda mkutano mkuu wa kitaifa. Makanisa ya Kibaptisti yanajitegemea. Hakuna askofu wa kuagiza mchango. Fedha hutoka pale mtu wa Ohio au Georgia anapoguswa na sura au barua ya mtu aliye mbali. Ndiyo maana hadi leo familia za wamisionari wa Kibaptisti zikiwa likizo huonekana zikizunguka kanisa hadi kanisa.

Mwaka 1845 mtambo huo ulikuwa umepasuka. Mwezi Mei, Wabaptisti wa kusini walijitenga huko Augusta, Georgia, wakaunda chombo chao, kiini cha ugomvi kikiwa swali kama mmiliki wa watumwa anaweza kutumwa kuwa mmisionari. Bodi ya kaskazini ilibaki na deni la dola karibu 40,000. Novemba, katika mkutano wa New York, ilijadiliwa kukifunga kituo cha Arakan, magharibi mwa Burma, ili kupunguza gharama. Judson, aliyekatazwa na daktari kuzungumza, akasimama. Alisema kituo kisifungwe. Kama wanaona kamusi inaweza kumsubiri, yuko tayari kwenda Arakan mara moja, na kama haiwezi, atakwenda akiimaliza. Hata katika saa ya hisia kali, kamusi ilikuwa ndani ya sentensi.

Kwa kipimo cha kazi ya kuchangisha, Judson alikuwa mchangishaji mbovu. Watu walijaa makanisani wakitaka kusikia habari za gereza, simba na wafalme. Yeye alizungumza dakika chache kuhusu Yesu, akakaa. Alipoambiwa kwamba wasikilizaji wamekata tamaa, kwamba walitarajia hadithi kutoka kwa mtu aliyetoka upande wa pili wa dunia, alishangaa: aliona amewapa hadithi bora kuliko zote alizonazo. Hata hivyo fedha zilipatikana. Nadhani mnong'ono ule ulifanya kazi ambayo hotuba isingeiweza. Mtu aliyeitoa hata sauti yake hahitaji kueleza alichotoa. Usiku ule wa Boston, Samuel Nott, mwenzake wa zamani, alipasua umati akafika mbele, wakakumbatiana. Walikuwa vijana watano waliowekewa mikono mwaka 1812. Newell, Hall na Rice walikuwa makaburini. Hakuna risala ya kuchangisha inayoweza kushindana na wazee wawili walioshikana shingo.

Februari 1846 alikwenda pia Richmond kuwasalimu Wabaptisti wa kusini. Wanaomsifu huliita hilo moyo wa upatanisho. Mimi naona pia hesabu: Burma ilihitaji sala na senti za pande zote mbili, naye hakuwa na muda wa kuchagua. Suala la utumwa aliliacha pembeni, na kwa mtu aliyewahi kufungwa minyororo, ukimya huo unaniwia mgumu kuumeza.

Sehemu ya maandalizi iliyozua maneno mengi ni ndoa. Akiwa njiani kwenda Philadelphia kwa treni, mwenyeji wake, mchungaji Gillette, alimpa kitabu chepesi cha mwandishi aliyejiita Fanny Forester. Judson akasoma, akauliza kwa nini kipaji kama hiki kinapotezwa kwenye mambo madogo. Akaambiwa mwandishi ni Emily Chubbuck, Mbaptisti, na yuko nyumbani kwa Gillette mwenyewe. Walipokutana alimwomba aandike maisha ya Sarah. Ndani ya wiki chache, Januari 1846, akamposa. Yeye 57, binti 28.

Dunia ya magazeti ililia kwamba mzee wa misheni anawaibia mwandishi. Watu wa makanisa walinung'unika kwamba mtume wao anaoa mtunga hadithi. Kelele hizo zilificha mambo ya kiutendaji. Emily ndiye aliyekuwa mlezi wa wazazi wake. Nyumba yao ya Hamilton, New York, aliinunua kwa kalamu. Mtu wa namna hiyo haondoki kwa kufungasha nguo tu. Alikusanya hadithi zake katika juzuu mbili zilizotoka Boston kwa jina la Alderbrook, na akaanza wasifu wa Sarah, uliochapishwa mwaka 1848. Ni sharti la ajabu la ndoa, mke mpya kuandika kwa upendo maisha ya mke aliyetangulia. Lakini Emily aliliweza, na kwa kufanya hivyo aliijua familia aliyoingia kabla hajafika kwenye nyumba yake. Walifunga ndoa Hamilton tarehe 2 Juni.

Na watoto? Kila sehemu nyingine ya mpango huu ina barua, masharti na watu wa akiba. Hapa pana makubaliano na jamaa na marafiki tu. Abby Ann, miaka 10, alibaki Bradford kwa masomo. Adoniram mdogo na Elnathan, 9 na karibu 8, waliachwa kwa familia rafiki mjini Worcester. Elimu na homa za nchi za joto zilikuwa sababu za kweli. Wamisionari wote wa wakati ule walifanya hivyo. Lakini wiki chache baada ya kumpoteza mama, watoto hawa walianza kushuhudia baba akizunguka nchi nzima, kisha wakampoteza naye. Hawakumwona tena. Familia iliyoondoka Moulmein ilikuwa baba, mama na watoto watatu. Iliyorudi ilikuwa baba na mke ambaye hakuna mtoto Moulmein aliyewahi kumwona.

Tarehe 11 Julai 1846 merikebu iitwayo Faneuil Hall iliondoka Boston. Mfereji wa Suez ulikuwa haujachimbwa, hivyo njia ilikuwa kuizunguka Afrika yote. Walitia mguu Moulmein tarehe 30 Novemba, baada ya siku zaidi ya 140. Henry na Edward walimpata baba, na wakamzoea mama wa tatu wa nyumba ile.

Mtihani wa maandalizi ulikuja mapema. Mwaka 1847 walihamia Rangoon, Judson akitafuta wataalamu wa Kiburma wa kumsaidia. Wakiwa huko, nyumba ya mmisionari Stevens iliyohifadhi vitu vyao bora Moulmein iliteketea. Zawadi za Boston, nguo, vyote vikaisha. Alitaka kupanda hadi Ava, mji wa kifalme, bodi ikawa inapunguza matumizi. Wakarudi Moulmein mwaka uleule. Kilichobaki ni kile ambacho hakikufungwa sandukuni: mke mwenye kalamu na kazi inayojulikana ilipoishia.

Mwaka 1849 sehemu ya Kiingereza kwa Kiburma ilitoka mtamboni. Sehemu ya pili, Kiburma kwa Kiingereza, ilikuwa bado mezani Judson alipougua. Alipandishwa tena merikebu kwa ajili ya hewa ya bahari, akafariki baharini tarehe 12 Aprili 1850. Karatasi zikakabidhiwa kwa Stevens, yuleyule ambaye nyumba yake iliungua, naye akaitoa sehemu iliyobaki mwaka 1852.