Giza Linauzwa kama Mtindo, Lakini Nani Anashika Swichi?

Wasee wengi ninaowajua wana simu nyeusi. Sisemi kava, nasema skrini. WhatsApp nyeusi, YouTube nyeusi, hata kikokotoo ni cheusi. Ukiwauliza kwa nini, utapewa majibu matatu: inaokoa betri, haiumizi macho, na inakaa poa. Hilo la tatu sina haja ya kulipinga, mtu na macho yake. Lakini hayo mawili ya kwanza ni madai, na madai hupimwa. Mimi huandika na kuhariri kwa simu, saa sita hadi nane kwa siku, kwa hivyo hili kwangu ni suala la kazi. Nataka kuisoma modi ya giza jinsi tunavyosoma riwaya mpya hapa: imeahidi nini, na imetimiza nini?

Kwanza, tusidanganyane ati ni kitu kipya. Kompyuta za zamani zilikuwa na kioo cheusi chenye herufi za kijani. Ni mashine kama Xerox Alto, ya mwaka 1973, zilizoleta wazo la skrini kuiga karatasi, wino mweusi juu ya weupe. Kwa hivyo huo weupe tunaouona wa kawaida nao uliwahi kuwa mtindo wa watu fulani ofisini. Giza lilirudi kwa kishindo Septemba 2019, Android 10 na iOS 13 zilipoleta swichi moja ya kugeuza simu nzima. WhatsApp ikafuata Machi 2020. Ukiweka simu yako kwa Kiswahili, Android inaiita "Mandhari meusi". Jina zuri, kusema kweli, linakaa kama kichwa cha mkusanyiko wa mashairi.

Sasa tuingie kwa betri. Kuna skrini za aina mbili kuu. Kwenye OLED, kila pikseli hujitolea mwanga wake, na nyeusi kamili maana yake ni pikseli imezimwa. Hapo giza linaokoa moto wa betri kweli. Kwenye LCD kuna taa nyuma ya kioo, na taa hiyo inawaka hata picha ikiwa nyeusi tii. Pikseli inaiziba tu, kama pazia mbele ya balbu. Simu nyingi za bei ya chini, zile tunazonunua kwa kulipa pole pole kila siku, zina LCD. Yaani anayehitaji betri kuliko wote, yule anayezunguka mjini mchana kutwa na hana pawabenki, ndiye asiyepata chochote kwa kuweka giza.

Hata mwenye OLED asifurahi mapema. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima apu maarufu za Android kwenye simu za OLED. Mwangaza ukiwa asilimia 30 hadi 50, ambapo wengi wetu huuweka tukiwa ndani, kuhamia giza kuliokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 ya moto wa betri. Mwangaza ukiwa asilimia 100, akiba ilipanda hadi asilimia 39 mpaka 47. Hebu fikiria: ni lini unaweka mwangaza mwisho kabisa? Ni saa saba mchana, umesimama stejini ukitafuta jina la mtu wa kumtumia pesa. Na hapo juani ndipo skrini nyeusi hugeuka kioo cha kujitazamia. Unaona paji lako la uso, unaona mawingu, ujumbe huuoni. Akiba ni kubwa zaidi mahali ambapo kusoma ni kugumu zaidi.

Suala la macho nalo lina utata wake, na ndipo watu huongea kwa uhakika usio na msingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha kazi mwaka 2013 wakilinganisha vijana na wazee. Makundi yote mawili yaliona vizuri zaidi na kugundua makosa mengi zaidi ya uhariri maandishi yalipokuwa meusi juu ya weupe. Kazi yao iliyofuata ilionyesha faida hiyo inaongezeka herufi zinapokuwa ndogo. Sababu haina uchawi. Penye mwanga mboni hujibana, na jicho linapata picha kali. Penye giza mboni hupanuka, na kasoro ndogo za jicho zinajitokeza. Mwenye astigmatizimu huona herufi nyeupe zikitoa ukungu pembeni, kama taa za matatu wakati wa mvua. Ndiyo maana rasimu ya kwanza naiandika gizani bila shida, lakini ya mwisho naihariri kwenye weupe. Kazi yangu hulipwa kwa maneno, na koma iliyopotea ni barua pepe ya aibu kutoka kwa mhariri.

Lakini tusigeuze "utafiti unasema" kuwa rungu. Nyumbani kwetu kuna watu wawili wanaonipinga kwa macho yao wenyewe. Shosho ana mtoto wa jicho. Skrini nyeupe kwake ni kama kuangalia dirisha lenye jua, mwanga wote unatapakaa ndani ya jicho na maneno yanazama. Nilipomwekea giza na kukuza herufi, alianza kusoma jumbe zake za pesa bila kumwita mtu. Na hili linajulikana kitaalamu tangu miaka ya 1980: wenye ukungu kwenye jicho mara nyingi husoma vizuri zaidi herufi nyeupe juu ya weusi. Mama naye ana miwani ya kusomea, na siku aliposhika simu ya Shosho aliuliza, "Kwani hii imezimika?" Ni nyumba moja na apu ni ile ile, lakini wanahitaji vitu viwili tofauti kabisa. Hakuna msanifu atakayewaridhisha wote wawili kwa rangi moja.

Na usiku? Stima ikipotea, ama ukiwa bweni la watu wanne na mwenzako ana mtihani asubuhi, giza ni ustaarabu. Mwaka niliokaa chuoni kabla ya kuacha, nilisoma noti nyingi chini ya blanketi, na skrini nyeupe ingenifukuzisha chumbani. Kwa filamu na muziki pia giza linafaa: Netflix na Spotify ni nyeusi kwa sababu picha ndiyo inayopaswa kung'aa, na maneno ni machache. Shida inaanza pale apu ya maneno mengi inapovaa nguo za sinema.

Hapo ndipo lawama yangu inapoelekea kwa wasanifu. Giza zuri ni kazi. Mwongozo wa Google wa usanifu unapendekeza kijivu kizito badala ya nyeusi kamili, ili vivuli na matabaka yaonekane na macho yasipigwe na tofauti kali mno. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Giza baya ni kugeuza rangi na kwenda nyumbani. Nembo nyeusi inapotelea kwenye weusi, kitufe cha "Thibitisha" kinafanana na kilichozimwa, na PDF ya risiti inakupiga usoni kama tochi.

Baya kuliko yote nililokutana nalo ni apu moja ya mikopo. Haina swichi, ni nyeusi utake usitake. Kiasi unachoweza kukopa kimeandikwa kwa kijani kinachong'aa, herufi kubwa kama bango. Ada, na siku ya mwisho ya kulipa, ziko chini kwa kijivu juu ya weusi, herufi ndogo. Kumbuka ile kazi ya Düsseldorf: herufi ndogo gizani ndizo ngumu zaidi kusoma. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawataka wamweleze mteja masharti ya mkopo. Masharti yako pale, ndiyo. Lakini mtu mwenye dharura, saa tano usiku, mwangaza umepunguzwa, atasoma ile namba ya kijani. Sijui nia ya aliyechora ukurasa ule. Najua matokeo yake, na ukosoaji wa usanifu, kama ukosoaji wa fasihi, unahukumu kilicho kwenye ukurasa.

Kwa hivyo uamuzi wangu ni huu. Kama ahadi ya betri, modi ya giza inatimiza kwa wachache. Kama dawa ya macho, inategemea jicho ni la nani na saa ngapi. Kama chaguo, ni mojawapo ya mambo bora yaliyofika kwenye simu zetu, mradi libaki chaguo. Apu inayoshughulika na pesa, dawa au mitihani isiyokupa swichi haijamaliza kutengenezwa.

Nawe usingoje wao. Ingia kwenye mipangilio, weka giza lijiwashe jioni na lijizime asubuhi. Kuza herufi hatua moja. Na kabla hujabonyeza "Kubali" kwenye kitu chochote chenye deni ndani yake, rudisha weupe, ongeza mwangaza, usome yale ya kijivu.