Mwanzi wa Oldeani na Boriti za Pwani

Wahakiki wetu, wanapoandika juu ya miti na mbao katika maisha ya Waswahili, huanza pwani na mara nyingi humalizia huko huko. Si ajabu. Mkataji wa mikoko wa Lamu alikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Alizihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, na majahazi yakazichukua hata Arabuni na Ghuba, nchi zenye uhaba wa miti. Upana wa chumba katika nyumba ya mawe ulifuata urefu wa boriti. Lugha na kazi vilikuwa kitu kimoja, na uhakiki umeliona jambo hilo vizuri.

Bara hatujaitazama kwa jicho hilo. Chukua Oldeani, mlima wa zaidi ya mita 3,000 ulio kusini-magharibi ya kreta ya Ngorongoro. Jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mwanzi. Mwaka 2013 mtaalamu wa mimea, Chris Stapleton, aliutenga mwanzi wa milima ya Afrika akaupa jenasi mpya, Oldeania. (Kwa wataalamu mwanzi si mti bali ni jamii ya nyasi, fundi anayejenga hajali.) Basi neno la mfugaji limeingia katika Kilatini cha sayansi.

Je, hiyo ni heshima? Naiona nusu ya heshima. Neno la kazi huishi mkononi mwa anayeifanya, na mkono huo haukai palepale daima. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959, Wamaasai walioondolewa Serengeti wakiahidiwa kuishi humo pamoja na wanyama. Tangu 2022 wengi wamehamishiwa Msomera, Handeni. Serikali husema wanahama kwa hiari. Wenyeji wengi wamelipinga jambo hilo. Mlimani jina litabaki. Msamiati uliolizunguka, sina hakika.

Wala Kimaasai si lugha pekee ya hapo. Wairaqw wa Karatu wana majina yao ya miti, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao upinde ni riziki yao, wana yao pia. Mwanafunzi atakayekwenda huko na daftari asianze na mlima. Aanze na fundi: amwulize aliitaje chipukizi, aliitaje mwanzi uliokomaa, na ule ulioliwa na wadudu.