Majani sita kwa shina moja

Batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa mawili ya virusi yanayoutesa muhogo Afrika Mashariki, hayana dawa. Huenezwa na nzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe akipanda pingili za shina linaloumwa. Akiwa shambani ana swali moja: shina hili nilikatie mbegu, au niling'oe?

Programu ya simu ya Nuru, inayotambua magonjwa hayo kwa kuangalia majani kupitia kamera, iliyoundwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, inastahili kupimwa kwa swali hilo. Mwaka 2017 watafiti waliifunza akili mnemba kwa picha zilizopigwa mashambani Tanzania, na modeli yao bora ikapatia 93% ya picha ilizokuwa haijawahi kuziona. Kisha modeli ya kutambua dalili ikawekwa ndani ya simu na kujaribiwa shambani kwa vijani 720 vyenye ugonjwa. Hata dalili zilipokuwa wazi, alama ya F1, inayopima kwa pamoja usahihi wa majibu na wingi wa dalili zilizonaswa, ilishuka kwa 32%. Sababu ni kwamba simu iliyapita majani mengi yanayoumwa bila kuyatambua. Kwa mkulima hilo ndilo kosa la hatari zaidi, maana pingili za shina hilo zitapandwa.

Wabunifu walifanya mambo mawili ya busara. Hesabu yote hufanyika ndani ya simu, hivyo shamba lisilo na mtandao halimzuii mtu, na maelezo hutolewa pia kwa Kiswahili. Ila funzo kubwa lilitoka kwenye majani. Kwa jani mojamoja, mwaka 2020 Nuru ilipatia 65%, maafisa ugani 40–58%, wakulima 18–31%. Yalipokaguliwa majani sita kwa kila shina, usahihi wa Nuru ulifika 74–88%. Dalili hazienei sawasawa: michirizi huonekana zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, batobato kwenye machanga. Utaratibu mzuri wa kukagua uliongeza kile ambacho jani moja lisingeweza kutoa.

Bado kamera huona majani tu, ilhali michirizi huweza kuozesha mizizi ya shina ambalo majani yake hayaonyeshi dalili kubwa. Programu ya aina hii imwambie mkulima waziwazi apasue mzizi kabla ya kukata mbegu, na akiwa na shaka amwite bwana shamba.